Bi Twende Atafuta wa Kumwachia Jumamosi

Ijumaa, tarehe 30 ya mwezi huu, saa kumi jioni, Msimamizi wa Michezo wa Kituo chetu cha Burudani cha Jamii atakabidhi funguo za stoo na kustaafu rasmi. Ofisi ya utumishi inasema ametumikia miaka thelathini na tisa. Yeye mwenyewe anasema arobaini na miwili. Tofauti hiyo ni zile Jumamosi alizofanya kazi hapa akiwa bado mwanafunzi, kwa muda wa saa nne kila wiki, kabla hajafikiria kuajiriwa. Ofisi haizihesabu. Sisi wafanyakazi wa Jumamosi tunazihesabu, tena tunaanza nazo, kwa sababu bila hizo nyingine zote zisingekuwepo.

Sote tunamwita Bi Twende, kuanzia meneja hadi watoto wa chekechea. Neno hilo ndilo analofungulia kila jambo: mchezo, kikao, hata chai.

Watakaosoma programu hii ya hafla ya kumuaga wasidhani mwaka wake wa mwisho ulikuwa wa kupunga mkono na kupiga picha. Mwezi Januari meneja alimweleza wazi kwamba ukumbi hauwezi kujazwa watoto bila msimamizi mwenye cheti. Kama mrithi hatapatikana kabla ya tarehe ya kustaafu, Michezo ya Jumamosi itafungwa, na ukumbi utakodishwa kwa mikutano. Bi Twende aliitikia kwa kichwa, akatoka nje, akatembea mpaka kwenye geti, akarudi.

“Mikutano?” akauliza. “Jumamosi? Nani mwenye akili zake anataka mkutano Jumamosi?”

Meneja akasema wapo wengi. Bi Twende akasema anawaonea huruma. Tangu siku hiyo kustaafu kwake kulikuwa na sharti moja moyoni: Jumamosi zipate mtu. Jinsi zilivyompata, au jinsi mtu alivyozipata, tutaeleza. Lakini lazima kwanza mumjue Bi Twende alivyokuwa kabla hajawa Bi Twende.

Akiwa na umri wa miaka kumi na minane, alitaka kuwa msomaji wa taarifa ya habari redioni. Hakutaka kidogo, alitaka hasa. Kila kilichoandikwa nyumbani kwao alikisoma kwa sauti nzito, akiwa amesimama wima jikoni na mwiko mkononi. Kaka yake anasimulia kwamba nyumba yao ilikuwa ya pekee mtaani ambako maelezo ya dawa ya minyoo yalitangazwa kama msiba wa taifa. Likizo ilipofika, shule iliwataka wanafunzi watafute kazi ya saa chache ili waonje maisha. Vituo vya redio havikumjibu. Kituo chetu kilimjibu, kikampa kazi ya kutunza viatu.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Ukumbi una sakafu ya mbao, kwa hiyo watoto huvua viatu mlangoni, na mtu anatakiwa avitunze na kuvirudisha. Hata paka angeiweza, alisema kaka yake. Lakini Bi Twende hakuja kufanya kazi ya paka. Watoto walipoingia kucheza, alivifuta viatu vyote vumbi. Akavipanga kwa ukubwa, kisha kwa rangi. Halafu, kwa kuwa aliona rafu mbili na akataka zipendeze, akaweka vya kushoto upande huu na vya kulia upande ule. Alipomaliza, mlango uling'aa kama duka siku ya kufunguliwa.

Saa sita watoto wakatoka, na hakuna aliyepata kiatu chake.

Wazazi walikuwa wamesimama nje wakisubiri. Watoto walikuwa wakilia, wakivaa vya wenzao, wakivua, wakilia tena. Mama mmoja aliyeshika kiatu kimoja cha mwanawe akamuuliza kwa upole mkali, “Binti, hivi wewe unatunza au unauza?”

Mwingine angekimbia. Bi Twende alikumbatia viatu vyote kwa mikono miwili, mzigo baada ya mzigo, akavimwaga katikati ya ukumbi. Akawaketisha watoto kwa duara. Kisha akaitoa ile sauti ya jikoni, ile ya dawa ya minyoo, na kutangaza: “Soko limefunguliwa! Mteja mmoja, kiatu kimoja, ukishakipata rudi uketi. Kusukumana ni marufuku. Twende!”

Watoto walilivamia lile rundo kama nyuki. Waliokuwa wakilia walisahau kilio chao njiani. Baba mmoja mwenye tai aliingia kwa magoti kumsaidia mwanawe na akabaki humo humo akicheka, mpaka mkewe akaja kumtoa. Mtoto mmoja mdogo alirudi nyumbani na viatu viwili vya kushoto, na inasemekana alitembea kwa fahari kubwa. Wiki iliyofuata hakuna aliyeuliza kuhusu mpira wala kamba. Wote waliuliza soko ni saa ngapi. Mpaka leo kila Jumamosi yetu hufungwa na Soko la Viatu, na wageni hudhani ni mchezo uliobuniwa na wataalamu.

Jioni ile alirudi nyumbani, akachukua gazeti, akaanza kusoma taarifa yake kama kawaida. Akaishia katikati. Akamwambia mama yake kwamba shida ya redio ni moja: ukiwa mle ndani huwezi kujua kama kuna aliyecheka. Mama yake akamwambia ale kwanza.

Hakubadili ndoto yake usiku mmoja. Aliibadili kidogo kidogo, Jumamosi moja baada ya nyingine, huku akijiambia kwamba anakuja tu kwa muda mpaka redio wamwite. Redio walimwita kweli, alipokuwa anamaliza shule, wakampangia siku ya majaribio ya sauti. Ilikuwa Jumamosi. Akawajibu kwa adabu kwamba siku hiyo ana kazi.

Akaenda chuo kusomea michezo na burudani za jamii, akarudi na cheti chake, akaajiriwa. Aliyoyafanya tangu hapo hayaenei kwenye kurasa hizi. Tutaje machache.

Yeye ndiye aliyefuta uchaguzi wa manahodha. Aliona jinsi watoto walivyogawanywa zamani: manahodha wawili husimama mbele na kuchagua mmoja mmoja, na daima kuna yule anayebaki mwisho, anainama na kujifanya anafunga kamba za viatu ambavyo hajavaa. Bi Twende alisema hataki kumwona tena mtoto wa namna hiyo. Badala yake akaanzisha swali. Kila Jumamosi husimama katikati ya ukumbi na kutangaza: “Aliyetandika kitanda leo, kulia! Ambaye hajatandika, kushoto!” Hizo ndizo timu, na hazina rufaa.

Matokeo yake hayakutarajiwa. Wazazi walianza kupata habari ambazo hawakuziomba. Watoto nao wakaanza kupanga mikakati, kwa kuwa kila mmoja alitaka timu ya yule binti mfungaji hodari ambaye kitanda chake hakikujulikana msimamo. Bibi mmoja alikuja hadi ofisini akiwa na mwavuli.

“Mjukuu wangu ametandika kitanda,” alisema, “halafu akakitandua. Nimemuuliza kulikoni, ananiambia bibi, hii ni mbinu.”

Tangu hapo swali hubadilika kila wiki: aliyeota ndoto, aliyepiga mswaki akiimba, aliyegombana na dada yake. Hakuna anayeweza kujiandaa. Na hakuna anayebaki mwisho.

Halafu kuna suala la mazoezi ya wazee, ambalo meneja alituomba tuliandike kwa uangalifu. Miaka fulani nyuma, mazoezi ya wazee ya Jumatano yalifanywa kwa muziki wa taratibu sana. Siku moja Bi Twende akachanganya kanda, akaweka ile ya watoto wa miaka sita. Kabla hajafika kuizima, wazee walikuwa wameshashika kasi. Walirukaruka kama vyura, walizunguka kama pia, na wimbo ulipowaamuru wawe tembo wakawa tembo. Alipoomba radhi na kutaka kurudisha muziki wao, seremala mmoja mstaafu alimzuia kwa mkono. Alisema kwa miaka miwili amekuwa akinyoosha mikono kwa muziki wa kumlaza mtu, na leo ndiyo ameamka, basi asirudishwe kitandani. Darasa hilo sasa lina wazee wengi kiasi kwamba wengine hujinyoosha barazani.

Na ile siku ya mvua, tulipolijazia hewa jumba la kurukia ndani ya ukumbi badala ya uwanjani? Lilivimba, likajaza chumba, likaziba mlango wa ofisi. Meneja alikuwa ndani na mgeni rasmi alikuwa nje. Bi Twende alimshauri avue viatu. Meneja akavuka jumba lote akidunda, suti mwilini, jalada kichwani, akafika upande wa pili na kumpa mgeni mkono bila kupoteza hadhi yake hata kidogo. Mgeni akaomba na yeye apite.

Lakini kazi yake kubwa kuliko zote haina picha ukutani. Kazi hiyo ni sisi.

Kila mwaka Bi Twende huchukua wanafunzi wachache wa sekondari kuwa wafanyakazi wa Jumamosi. Tunapanga koni, tunajaza mipira upepo, tunafuta pua za watoto na tunapigiwa kelele na watoto hao hao. Bi Twende hatuulizi tunataka kuwa nani. Anatutazama. Hasa anatutazama pale tunapodhani hakuna kazi, maana anasema mtu akiwa hana la kufanya ndipo hufanya lake. Baada ya miezi kadhaa anakuita kwenye benchi la nyuma ya ukumbi, anakumiminia chai, na kuanza kwa neno moja: “Nimekuona.” Kisha anakueleza alichokiona.

Alimwona kijana aliyekuwa akitoroka michezo ili aifumue pampu na kuiunga upya. Leo ni fundi mitambo. Alimwona msichana ambaye watoto walijikwaruza makusudi ili awafunge bandeji; leo ni muuguzi. Alimwona mmoja aliyekula biskuti za watoto, jambo baya, lakini kila alipokula alieleza zimekosea wapi; ana duka lake la mikate. Yupo aliyechora upya mistari ya uwanja kila wiki kwa sababu haikunyooka, naye ni mpima ardhi. Na yupo aliyeapa kuwa rubani, mpaka siku alipopanda ngazi kubadilisha balbu na kugandia juu kama mjusi. Bi Twende alimshusha kwa maneno matamu, ngazi baada ya ngazi. Sasa ni mhasibu mwenye furaha, ofisi yake iko ghorofa ya chini.

Kwa hiyo Januari, alipotakiwa kumpata mrithi, Bi Twende hakuwa na wasiwasi. Alikuwa amelea wafanyakazi wa Jumamosi tele. Akakaa na simu yake, akaanza kuwapigia.

Muuguzi alisema, “Bi Twende, ningekuja, lakini si wewe uliyenituma huku? Na ulisema kweli. Naipenda wodi yangu.” Fundi mitambo alisema hivyo hivyo, kwa kelele, maana alikuwa chini ya mashine. Mwokaji alisema hivyo akitafuna. Mpima ardhi alisema hivyo kutoka juu ya kilima. Mhasibu alijitolea kutoa ushauri wa kikodi. Bi Twende aliweka simu chini na kucheka mpaka mbavu zikamuuma. Katika miaka yote ile alikuwa amempeleka kila mtu mahali pake, kwa ustadi mkubwa, na hakujibakizia hata mmoja. Alipomaliza kucheka aliyapitia upya majina yote kwenye simu. Sisi tuliokuwa tukipanga koni tulizipanga polepole.

Nafasi ikatangazwa. Kila mwombaji alipewa watoto kwa Jumamosi moja, na Bi Twende akatakiwa aketi benchini asiingilie. Alijikaza kisabuni. Aliikalia mikono yake ili isipige makofi.

Wa kwanza alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo, mwenye mikono kama magogo. Alikuja kwa mbwembwe, akawapanga watoto mistari na kuwaamuru wakae mguu sawa. Watoto waliitazama ile mikono, wakatazamana, kisha wakaidandia. Saba upande wa kulia, saba upande wa kushoto. Alizunguka nao ukumbi mzima akiomba wateremke, nao wakishangilia kila kona. Aliondoka akichechemea na kusema atatuandikia. Bado tunasubiri.

Wa pili alikuwa bwana mpole mwenye stashahada mbili na projekta. Alieleza umuhimu wa kucheza. Alieleza historia ya kucheza. Alieleza aina za kucheza, akionyesha picha za watoto wengine wakicheza, mahali pengine. Nusu saa ilipopita, msichana mmoja mdogo akanyanyua mkono.

“Samahani mwalimu,” akasema, “kucheza ni lini?”

Wa tatu hakufika kabisa. Ilikuwa katikati ya Mei, muda ulikuwa unakwisha, na watu wa mikutano walikuwa wameshakuja kupima ukumbi. Watoto walikuwa wamejaa tele, hawana wa kuwaanzishia, na Bi Twende alikuwa ameitwa ofisini kwa meneja kuzungumzia hilo hilo. Sisi wafanyakazi wa Jumamosi tulijaribu kuwatuliza. Tuseme tu kwamba tulijaribu.

Wakati huo mlangoni palisimama mama mmoja aliyevaa suti ya kazini, amemleta mtoto wa dada yake. Alitazama zogo lile. Akatazama saa yake. Akavua viatu, akaingia, na akasema kwa sauti ya chini kabisa, sauti ya mtu anayetoa siri, “Sakafu hii imegeuka mto. Aliye kwenye mkeka yuko salama. Mamba wana masikio makali, kwa hiyo hakuna kupiga kelele. Mikeka ni michache. Mtavukaje?”

Ukumbi ukanyamaza. Watoto wakaanza kunong'ona, kushikana mikono, kuburuta mikeka. Wakubwa waliwabeba wadogo. Mmoja alipotumbukia mtoni, mama yule alibuni sheria papo hapo: anaweza kuokolewa, lakini kwa kuimbiwa, na kwa kunong'ona. Basi watoto wote wakamwimbia mwenzao kwa kunong'ona. Aliyetoka ofisini na kufika mlangoni kwa wakati mmoja, maana alikimbia, ni Bi Twende. Alikuwa amesikia kimya na kudhani kuna aliyeumia.

Akasimama pale mdomo wazi. Kisha akamtambua.

“Wewe!” akasema. “Si nilikupeleka mahakamani?”

“Ulinipeleka, Bi Twende,” akajibu yule mama, “na mimi nikaenda.”

Alikuwa karani wa mahakama. Miaka kumi na sita iliyopita alikuwa mfanyakazi wa Jumamosi hapa, msichana wa kubishana. Kila mchezo alitaka kujua sheria zake, na kila sheria alitaka kujua kwa nini isiwe nyingine. Bi Twende alimketisha benchini, akammiminia chai, akamwambia amemwona: anapenda sheria, aende mahakamani. Karani akaenda, akafaulu, akapandishwa cheo. Mama yake mzazi huwaambia hata wauza nyanya kwamba ana mtoto mahakamani.

“Na huko vipi?” Bi Twende akauliza.

“Kazi naiweza,” akasema Karani. “Lakini saa ya chakula cha mchana nawachezesha wenzangu. Mwezi uliopita hakimu alitukuta kwenye korido, makarani wazima, tumesimama kwa mguu mmoja. Nikamweleza sheria. Akaniuliza mguu gani.”

Kisha akasema lile ambalo hata dada yake hakulijua. Miaka miwili alikuwa amesoma jioni chuo cha michezo na burudani, na cheti alikuwa nacho. Alikuwa hajathubutu kukitumia, kwa sababu ya mama yake. Na kwa sababu ya Bi Twende, ambaye alishamwona na kumwambia.

Hapo ndipo Bi Twende alipoketi sakafuni, katikati ya mto, mamba wasimguse. “Nilikosea,” akasema. “Nilidhani unapenda sheria. Kumbe unapenda mchezo, na sheria kwako ndizo mpira wenyewe. Nimekupotezea miaka, mwanangu.”

“Hujanipotezea,” Karani akasema. “Mahakamani nimejifunza kunyamazisha chumba kizima bila kupaza sauti. Wewe hilo hujaliweza mpaka leo.”

Bi Twende alicheka hadi watoto wakamwambia nyamaza, mamba watasikia.

Ilibaki mama yake Karani. Alikuja Jumamosi iliyofuata, amevaa vizuri, amejiandaa. Hakusalimia kwa kirefu. “Nimeambiwa mwanangu anataka kuacha mahakama aje kuhesabu mipira,” alimwambia Bi Twende. “Na wewe ndiye uliyemwambia aende kule. Sasa unamrudisha. Mwanangu ni mpira?”

Bi Twende hakubishana. Alikiri kosa lake, moja kwa moja, bila kuzunguka. Akasema aliangalia alichofanya binti yule na kusahau kuangalia uso wake anapokifanya. Akamwomba mama aketi dakika tano tu amtazame mwanawe. Kwa bahati mbaya, au nzuri, ndiyo kwanza swali la timu lilikuwa linatangazwa, na wiki hiyo Karani aliyekuwa akiongoza alilirudia lile la zamani, la vitanda.

“Mimi nimetandika,” mama akasema peke yake pale benchini, kama mtu aliyeshambuliwa. “Tena na mto nimeupiga.”

Watoto wa upande wa kulia wakamsikia. Wakaja kumchukua. Alisema hapana, alisema magoti, alisema mkoba wake. Mkoba ukashikwa. Dakika kumi baadaye alikuwa golini, kilemba kimekaa upande, akimfokea beki wa miaka minane kwa kuacha nafasi. Timu yake ilishinda. Alipokuwa anavaa viatu, baada ya kuvipigania sokoni kama wengine, alimtazama binti yake aliyekuwa amezungukwa na watoto, jasho linamtiririka, anacheka na meno yote nje.

“Sijasema nimekubali,” akamwambia Bi Twende. “Nimesema nitarudi Jumamosi ijayo. Yule beki anahitaji kufundishwa.”

Usaili rasmi ulifanyika wiki ya kwanza ya mwezi huu. Bi Twende hakuruhusiwa kuingia, kwa kuwa kila mtu alijua upande wake. Alisubiri stoo, na ili atulize moyo akajaza mipira upepo. Aliijaza na kuijaza. Mmoja ukapasuka kwa kishindo, na wasaili wote, inasemekana, wakainama chini ya meza, isipokuwa Karani, aliyeendelea na sentensi yake. Meneja alituambia baadaye kwamba waliamua wakiwa bado chini ya meza.

Kwa hiyo tunatangaza, kwa furaha tusiyoweza kuificha hata tukijaribu: Karani ameshaandika barua ya kuacha kazi mahakamani, na tarehe mosi mwezi ujao, siku ya Jumamosi, ndiye Msimamizi wetu mpya. Watu wa mikutano wamejulishwa. Mmoja wao ameuliza kama watoto wake wanaweza kuja.

Sisi tunaobaki tumejifunza kitu ambacho mwalimu wa ushauri shuleni hutueleza kwa michoro, lakini hapa tumekiona kwa macho. Kazi ya saa chache, ya kupanga koni na kufuta pua, inaweza kukuonyesha ulivyo kabla hujajua utakuwa nani. Inaweza pia kukuonyesha vibaya mara ya kwanza, na bado mlango haujafungwa. Mmoja wetu, ambaye hatutamtaja, amemwambia mwalimu huyo kwamba chaguo lake la kwanza la chuo ni michezo na burudani za jamii. Mwalimu ameuliza kama amefikiri vizuri. Amejibu kwamba amefikiri kila Jumamosi.

Kuhusu Bi Twende, Msimamizi mpya ameshatoa amri yake ya kwanza, kwa sauti ya chini. Kwa miezi mitatu Bi Twende haruhusiwi kukanyaga ukumbini siku ya Jumamosi, ili ajifunze kupumzika na kuwaachia wengine nafasi ya kukosea. Bi Twende ameisikiliza amri hiyo kwa heshima zote na kuikubali mbele ya mashahidi. Ameuliza jambo moja tu: je, kusimama nje dirishani ni kukanyaga? Karani amelifikiria suala hilo kwa uzito wa kimahakama, na amejibu kwamba amri haikutaja madirisha.

Asante, Bi Twende, kwa kutuona. Asante kwa kusema “nilikosea” tukiwa tunasikia. Lala mpaka jua likuchome, Jumamosi moja angalau. Uwe na afya, uwe na vicheko, na siku zako zote za mapumziko ziwe njema kama ulivyozifanya zetu. Dirisha la upande wa benchi tumelisafisha, na tumeweka kiti nje.

Wafanyakazi wa Jumamosi